Nyota moja, maana nne: fomati za alama kwenye tovuti tuli

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, shangazi akitangaza arusi ya Mikindani huizungushia siku nyota mbili: *Jumamosi*. Kwenye simu zetu siku hiyo hutokea kwa herufi nzito, na nyota zenyewe hazionekani. Shangazi hajawahi kusikia habari za fomati ya alama, ila anaitumia kila wiki.

Fomati ya alama ni makubaliano tu: ukiandika alama fulani ndani ya maandishi ya kawaida, programu itajua kipi ni kichwa cha habari, kipi orodha, kipi kiungo cha kubofya. Wengine huita lugha ya alama. Jina hilo nalikwepa, maana Kiswahili kimekwisha kuwapa viziwi, na kwao ni lugha kamili yenye wasemaji.

Tovuti tuli nayo ndugu zangu wa kusini wataielewa upesi kwa korosho. Kuna muuzaji anayekungoja uagize ndipo aanze kubangua, na kuna aliyebangua jana akafunga pakiti, wewe ukifika unapewa. Tovuti ya kawaida yenye hifadhidata hubangua kila mgeni anapofungua ukurasa. Tovuti tuli imeshabanguliwa: kurasa zote zimetengenezwa mapema kuwa faili za HTML, yaani lugha inayosomwa na vivinjari, na seva, kompyuta inayotunza tovuti, inazitoa tu. Programu inayofanya kazi hiyo huitwa jenereta ya tovuti tuli, na si ile ya moshi na kelele tunayoiwasha umeme ukikatika. Ninayoitumia mimi ni Hugo. Wapo wanaotumia Jekyll, Pelican au Eleventy.

Basi, jenereta hizi hazikulazimishi uandike kwa namna moja. Mwisho wa safari ni HTML kwa kila faili, lakini mwanzo unaweza kuwa tofauti. Wengi wanaanza na Markdown, aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, kwa sababu ni nyepesi na inasomeka hata kabla ya kugeuzwa. Waandishi wa vitabu vya maelekezo ya mitambo na programu wanapenda AsciiDoc, ambayo ni kongwe kidogo, ya 2002. Watu wa Emacs, programu ya kuandikia, wana Org yao. Watu wa Python, lugha ya kutungia programu, wana reStructuredText. Na ukitaka, unaandika HTML yenyewe kwa mkono.

Hugo hujuaje ipi ni ipi? Hutazama mwisho wa jina la faili. Ikikuta .md inaita mfasiri wa Markdown, ikikuta .org inamwita wa Org, .adoc wa AsciiDoc. Haisomi yaliyomo ikakisia. Hapa ndipo nilipojikwaa.

Nina tovuti ndogo ya vyakula na maneno ya Mtwara na Lindi. Binamu yangu wa Masasi, mtu wa Emacs, alinitumia faili la mapishi ya ming'oko (viazi vya porini) na matumizi ya mabibo (matunda ya mkorosho), ameliandika kwa Org. Kwa mazoea nikalihifadhi mapishi.md. Hugo haikulalamika hata kidogo. Ukurasa ukatoka, ila umevurugika. Chukua mstari huu mmoja:

* Ming'oko

Kwenye Org, nyota mwanzoni mwa mstari ni kichwa cha habari. Kwenye Markdown ni kitu kimoja katika orodha. Kwa hiyo vichwa vyote vya binamu vikawa vidoti. Vichwa vidogo, ambavyo Org huviandika kwa nyota mbili, vikabaki na nyota zake zinaning'inia kwenye ukurasa. Na kule alikoandika *mabibo* akitaka herufi nzito, kama shangazi, Markdown ikalaza herufi, kwa sababu kwake uzito ni nyota mbili kila upande: **mabibo**. Nyota ni ileile, imebeba maana nne: kichwa, kidoti, herufi nzito na herufi za kulala. Tiba ilikuwa kubadili jina la faili liwe mapishi.org. Sekunde tano, baada ya saa nzima ya kuhangaika na rangi na mapambo nikidhani kosa liko huko.

Kutolalamika huko si ubovu wa Hugo. Kwa Markdown hakuna maandishi yenye kosa; alama isiyoielewa inaichukulia kuwa neno la kawaida na kusonga mbele. Kwa hiyo uutazame ukurasa kwa macho yako, usingoje onyo.

Sababu ya kweli ya kuchanganya fomati kwenye tovuti moja, kwa maoni yangu, ni majedwali. Nilitaka jedwali la vyama vikuu vya ushirika vya korosho na wilaya zake. RUNALI inabeba wilaya tatu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, jina lenyewe linakwambia. TANECU ina Tandahimba na Newala. Nilitaka jina la chama liandikwe mara moja, kisanduku chake kishuke kando ya wilaya zake zote. Jedwali la Markdown la Hugo haliwezi kuunganisha visanduku. AsciiDoc inaweza, HTML inaweza.

Nikabandika jedwali la HTML katikati ya faili la .md. Likatoweka! Tangu toleo la 0.60 la mwaka 2019, Hugo hutumia mfasiri aitwaye Goldmark, naye huondoa HTML ghafi asipoambiwa aiache. Unaweza kumruhusu kwenye faili la mipangilio, kwa kipengele kinachoitwa unsafe, na kama mwandishi ni wewe peke yako hakuna hofu. Mimi niliona ni rahisi kuuacha ukurasa ule mzima uwe .html.

AsciiDoc niliiacha kwa sababu nyingine. Markdown na Org Hugo inazifasiri yenyewe, lakini kwa AsciiDoc inaita programu ya nje, Asciidoctor, ambayo lazima uisakinishe, kisha uiruhusu kwenye mipangilio. Inachelewa zaidi, na ukihamia kompyuta isiyo nayo, ujenzi wa tovuti unakwama. Kwa kitabu cha kurasa mia tatu ningeukubali usumbufu huo. Kwa jedwali moja la korosho, hapana.

Jambo moja dogo huwachanganya wageni: ile sehemu ya juu ya faili yenye jina la ukurasa na tarehe, kati ya vistari --- au misalaba +++, si sehemu ya fomati ya alama. Ni maelezo kwa jenereta, kama lebo iliyoshonewa juu ya gunia.

Faili la binamu limebaki Org mpaka leo. Ameshaniahidi la pili, la pweza, na safari hii kabla ya kulihifadhi nitatazama kwanza jina linaishia na nini.