Jua linawaka kwako lakini korongo linakuja, hivi ndivyo tahadhari inavyofanya kazi

Mimi kazi yangu ni mambo ya tahadhari za maafa hapa Dodoma, na kinachoniumiza kila msimu wa mvua ni kwamba tahadhari inatoka mapema, redio zinasoma, magrupu ya WhatsApp yanasambaza, halafu mtu anaingia korongoni na pikipiki kwa sababu juu yake jua linawaka na haoni wingu hata moja.

Makorongo yetu huku kanda ya kati tunayajua, karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, ng'ombe wanapita, akina mama wanachimba visima vya maji mlemle. Ila maji yakija siyo lazima yawe ya mvua ya kwenu. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya huku Dodoma unayashusha mpaka Gulwe kule Mpwapwa na kuendelea upande wa Kilosa, kwa hiyo mtu wa chini anaweza kupata mafuriko na kwake hata manyunyu hayajadondoka. Na tahadhari inataja mkoa mzima, kwa hiyo ukisikia Dodoma usiseme aah hiyo ni ya mjini.

Sasa inatokaje? Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanasoma satelaiti, rada na vituo vyao, wanatoa utabiri wa siku tano wenye ngazi tatu: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Rangi inatokana na mambo mawili yakipimwa pamoja, uwezekano wa jambo kutokea na madhara yake likitokea. Hapo ndipo watu wengi wanapotukosea, wanachukua uwezekano kama uhakika, mwaka 2021 kimbunga Jobo kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani watu wakasema tumedanganywa. Hapana jamani, kimbunga kilikuwepo kweli baharini, na kupungua kwake hakumaanishi waliohama walipoteza muda.

Kutoka TMA taarifa inaenda kwa wenzetu wa maafa Ofisi ya Waziri Mkuu, inashuka mkoa, wilaya, kata, mpaka kamati ya maafa ya kijiji au mtaa, kamati hizi zipo kisheria. Huko chini ndo kugumu. Kuna mzee mmoja wa Mpwapwa aliniuliza, "Mwanangu, mesej niliipata, imesema mvua ya milimita 50, milimita ni kitu gani?" Nikaona aibu kweli maana sisi ofisini tunaitaja kila siku. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba, kwa hiyo milimita 50 ni ndoo mbili na nusu kubwa zile za lita 20 zimemwagwa kila mita ya mraba, kwenye ekari moja inafika kama ndoo elfu kumi. Nilipomwambia hivyo akanyamaza akaangalia shamba lake, akasema, "Basi yale mahindi ya bondeni hayabaki." Kesho yake alihamisha mbuzi.

Nchi nyingine wanatumia minara ya simu kurusha ujumbe kwa simu zote za eneo kwa mpigo, simu inalia hata mtandao ukiwa umejaa. Ni kitu kizuri sana lakini nacho kinataka umakini, Hawaii kule Marekani mwaka 2018 ilitumwa tahadhari ya kombora kimakosa na ilichukua dakika 38 kusahihishwa, watu wamejificha na watoto wao wakisubiri kufa.

Kwa hiyo ukipokea skrinshoti ya tahadhari angalia kwanza tarehe, nyingine zinazozunguka ni za zamani. Ukiwa mtendaji chukua kipaza sauti, pitia msikitini na kanisani, usitegemee grupu peke yake maana wapo wasio na simu janja. Na korongo likiwa linatembea hata kama maji ni ya magotini subiri upande huohuo uliopo mpaka yapungue, akinaswa mtu usimfuate ndani, piga 114 Zimamoto na Uokoaji uwatajie jina la korongo na kijiji kilicho karibu.