Kabla hujagusa diski, chomoa betri

Mashine ya waya, drili au grinda ya kuchomeka ukutani, ilitufundisha tabia moja nzuri. Ukitaka kubadili biti, unachomoa plagi ukutani, unauona waya umelala chini, ndipo unashika kazi. Mashine ya betri haina cha kukukumbusha. Ukiachia swichi inanyamaza, na mtu anadhani imezimika, kumbe umeme wake wote bado umo humo humo ndani ya kishikio.

Nililiona hilo Sikonge, mkoani Tabora, tulipokwenda kutengeneza mizinga ya nyuki. Porini hakuna umeme, ndiyo maana tulibeba drili na grinda za betri. Kijana ninayemfundisha kazi alikaa kwenye gogo, grinda ameilaza mapajani, anafungua diski kwa spana yake. Aproni ikasukuma swichi. Spana ilipita karibu na sikio langu, suruali yake ikachanika, paja likachubuka. Alichosema kwa kutetemeka ni hiki: "Fundi, nilikuwa nimeizima." Nilimwamini, maana alikuwa ameizima kweli. Betri ndiyo hakuichomoa.

Sasa hapa karakanani, anayebadili biti au diski huiweka betri mezani mbele ya macho ya wote. Hata mimi.

Tukiwa bado kwenye grinda: kabla ya kufunga diski mpya soma maandishi yake. Nyingi za milimita 115 zimeandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika; huo ndio mwisho wake, na mashine isiuzidi. Kisha angalia kile kipete cha chuma katikati, kimegongwa mwezi na mwaka. Wengi hudhani ni tarehe ya kutengenezwa, kumbe ni ya kuisha muda. Diski ya kukatia imeshikwa na gundi, na gundi huchoka, hasa ikikaa penye unyevu. Diski iliyopitwa na muda au yenye ufa usiipe hata chuma chembamba. Kinga ya grinda usiifungue, na miwani ivae.

Kwa drili, hatari ipo kwenye kifundo cha mkono. Biti ikinasa kwenye mbao kavu ya mti wa mkora, biti husimama na drili ndiyo inayozunguka, pamoja na mkono wako. Shika kishikio cha pembeni kama drili inacho. Ukiwa unafunga skrubu, anza na namba ndogo kwenye ile pete ya namba inayopanga nguvu ya kuzungusha, kisha panda taratibu. Glavu za kitambaa vua, uzi mmoja ukinaswa unavuta kidole.

Sasa betri, ambako ndiko pesa nyingi za mafundi zinapotelea.

Betri ya lithiamu ya volti 18 ina seli tano, yaani vibetri vidogo vya ndani, zilizopangwa mfululizo, kila moja ya volti 3.6. Ikijaa, kila seli hufika 4.2, jumla 21. Kwa hiyo anayekuuzia ya "volti 20" au "21" anakuuzia kitu kile kile cha 18. Na zile za bei rahisi zilizoandikwa 48, 88, hata 128? Niliifungua moja iliyokufa, nikahesabu seli: tano. Usilipie namba ya ubavuni. Uliza ampea-saa, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba. Betri ya 4 hufanya kazi takriban mara mbili ya muda wa betri ya 2, basi.

Adui mkubwa hapa Tabora ni joto. Mwezi wa kumi, chini ya bati, betri iliyotoka kupasua mninga huwa ya moto hadi unaisikia kiganjani. Usiitie kwenye chaja hivyo hivyo. Iache kivulini nusu saa, ipoe. Betri nzuri ina kipima joto ndani, na chaja yake hukataa kuchaji ikiwa ya moto. Za bei rahisi nyingi hazina, zitapokea tu mpaka zivimbe. Usiziache kwenye kioo cha mbele cha gari wala kwenye boksi jeusi la bodaboda juani.

Wazee wetu wa kazi walituambia tuimalize betri kabisa ndipo tuchaji. Kwa betri za nikeli za zamani walikuwa sahihi. Lithiamu haitaki hivyo. Ukiona nguvu inapungua, acha, kachaji. Seli ikishuka chini sana chaja huikataa, na hapo ndipo wengine huishtua kwa waya kutoka betri nyingine. Nakuomba usifanye. Shaba ndani ya seli iliyoishiwa chaji kabisa huweza kumumunyuka na kuganda tena pasipotakiwa, kisha inawaka wakati unaichaji, usiku, juu ya maranda ya mbao.

Kama hutaitumia kwa miezi, iache na chaji nusu. Na usiitupe kwenye mfuko mmoja na misumari; msumari mmoja ukigusa ncha zote mbili unatosha kuwasha moto.

Iliyovimba haitobolewi, haichajiwi, haitupwi chooni wala kwenye moto wa taka. Zangu mbili nimezitenganisha kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje, mbali na mbao, mpaka nimpate mtu anayezipokea kihalali.