"Lazima angefunga": uhakika wa jambo lisilotokea kwa Kiingereza

Mwanafunzi wangu wa darasa la jioni, kijana anayetaka kuandika habari za michezo kwa Kiingereza, aliniletea ukurasa mmoja kuhusu robo fainali ya Kombe la Dunia ya 2010, Ghana na Uruguay. Ameandika kwa moyo. Nikafika katikati nikakuta hii: "If Gyan scored that penalty, Ghana must have reached the semi-final."

Aliyeitazama mechi ile anajua kijana alitaka kusema nini. Ni tarehe 2 Julai, Soccer City, Johannesburg. Matokeo ni 1-1, muda wa nyongeza unayoyoma, Dominic Adiyiah wa Ghana anapiga kichwa, na Luis Suárez wa Uruguay anauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mtambaa panya ukapaa. Wakaenda kwenye mikwaju ya penalti, Uruguay wakashinda 4-2.

Sasa mpe sentensi ile Mwingereza ambaye hakuiona mechi. Ataelewa kwamba mwandishi hajui kama Gyan alifunga au alikosa, ila anakisia: kama alifunga, basi bila shaka Ghana walifika nusu fainali. Uchungu wote wa usiku ule umepotea, na mwandishi anaonekana hajui matokeo ya mechi anayoisimulia.

Chanzo ni neno "lazima". Sisi tunasema "lazima amefaulu", tunasema pia "lazima angefaulu", na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tofauti imebebwa na -me- na -nge- ndani ya kitenzi. Lazima yenyewe inakaa popote. "Must have" ya Kiingereza haina uhuru huo, inakwenda na ile ya kwanza tu. "She must have passed" maana yake sijayaona matokeo, lakini nimemsikia akipiga vigelegele chumbani. "She would have passed" maana yake hakufaulu, pengine hata chumba cha mtihani hakuingia. Ukiwa na -nge- kichwani, sahau "must".

Hapo huwa naulizwa: Mwalimu, mbona "would" peke yake ni laini mno? Uhakika wangu uko wapi? Swali hili nalipenda, kwa sababu wengi tulikutana na "would" kwanza kwenye adabu, "would you like some tea", ikatukaa kichwani kama neno la kubembeleza. Kwenye sentensi ya jambo lisilotokea haibembelezi mtu. Ukisema "Ghana would have reached the semi-final" umeshasema huna shaka. Mwenye shaka ana maneno yake: "might have", "could have", "would probably have". Asipoyatumia, msikilizaji anahesabu kwamba uhakika ni kamili.

Sentensi yetu basi inakuwa: "If Gyan had scored, Ghana would have reached the semi-final." Tazama upande wa "if". Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili, angefunga, wangefika, kama mizani. Kiingereza kinaiweka "would" upande wa matokeo tu. "If he would have scored" utaisikia hata kwa Wamarekani wakizungumza, lakini kwenye mtihani au gazeti itakatwa. Mimi nawafundisha wanafunzi waguse sentensi kwa kidole: kidole kikiwa kwenye "if", "would" isiwe jirani.

Kuna na suala la wakati. Vitabu vya sarufi vinatupa -nge- kwa jambo ambalo bado lina nafasi na -ngali- kwa lililokwisha kupita, lakini mitaani -nge- inafanya kazi zote mbili: "ungenipigia jana, ningekuja". Neno "jana" ndilo linalotuokoa. Kwa Kiingereza "jana" haitoshi, kitenzi chenyewe lazima kirudi nyuma: "If you had called me yesterday, I would have come." Na kama mlango bado uko wazi, "If you called me, I would come." Jiulize kwanza kama jambo limeshafungwa, ndipo uandike.

Ukitaka kuongeza mkazo, "definitely" au "certainly" inakaa vizuri baada ya "would": "would certainly have reached". Ukikanusha, itangulie: "Uruguay certainly would not have survived." Kuna pia "would have been bound to", ambayo naiona karibu zaidi na lazima yetu: "With ten men, they would have been bound to tire."

Ogopa "surely". Kamusi inakwambia ni "hakika", ukaiamini. Lakini "Surely he would have called" si hakika, ni mtu anayetaka umuunge mkono kwa sababu ameanza kupata wasiwasi, kama sisi tunavyosema "si angepiga simu jamani?" Nimeona barua za maombi ya kazi zenye "I would surely increase your sales", na kila mara nasikitika, kwa sababu mwombaji alidhani anajisimamia imara. "No doubt" nayo imechakaa, mara nyingi inasikika kama "nadhani".

Kijana alirudi wiki iliyofuata na ukurasa mpya. Sentensi ya kwanza haina dosari: "If Gyan had scored, Ghana would have become the first African team to reach a World Cup semi-final." Hiyo ni "would" yenye haki yake, kwa sababu ule ulikuwa mkwaju wa mwisho wa muda wa nyongeza na hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika huko, Morocco walikuja kufika 2022. Ya pili ilikuwa: "And they would have beaten the Netherlands." Darasa likawaka. Uholanzi ndio waliowafunga Uruguay 3-2 kwenye nusu fainali, na dada mmoja wa mstari wa nyuma akasema hapo pana "might have", mpira hauna mwenyewe. Kijana akasikiliza, akaichukua kalamu, akaitazama sentensi yake kwa muda. Akaniambia, "Mwalimu, sarufi iko sawa?" Nikamwambia iko sawa. Akaiacha "would" ilipo.