Mizani ya madaraka: Rais, Bunge na watendaji

Masika yakikata barabara ya kata kule Rungwe, mkulima wa chai humwendea diwani, kwa kuwa huyo ndiye aliyempigia kura. Lakini diwani hana greda. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya na mitaa ziliondolewa mikononi mwa halmashauri zikakabidhiwa TARURA, wakala wa barabara ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Aliyechaguliwa anadaiwa barabara, na aliyeteuliwa ndiye mwenye mkandarasi.

Hapo ndipo dhana ya mizani ya madaraka inapogusa maisha ya watu. Maana yake ni kwamba kila mwenye mamlaka awepo mwingine anayeweza kumhoji, kumzuia au kumnyima fedha.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 4, inatenganisha utendaji, utungaji wa sheria na utoaji haki. Hata hivyo mawaziri wetu huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, kwa hiyo waziri anayehojiwa bungeni ni mbunge mwenzao. Marekani ni tofauti: anayeingia baraza la mawaziri huacha kiti chake cha Bunge.

Tazama pia muswada unaokataliwa na Rais. Wabunge wakiupitisha upya kwa theluthi mbili, kule Marekani unakuwa sheria. Kwetu Rais ana siku 21 za kuukubali, la sivyo alivunje Bunge. Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi, wote warudi kwa wapiga kura. Ni silaha nzito mno, na kwa maoni yangu uzito huo ndio unaowafanya wabunge wanyamaze mapema.

Upande unaosahaulika ni watendaji. Wabunge hukaa Dodoma kwa vipindi. Makatibu wakuu, maofisa mipango na wahasibu wapo ofisini mwaka mzima. Wao ndio huandaa makisio ya bajeti na rasimu za kanuni, na taarifa ziko mikononi mwao. Mbunge asiyepata taarifa atauliza nini?

Kwenye halmashauri mizani imeinama zaidi. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, na ndiye katibu wa baraza la madiwani. Madiwani hupitisha bajeti na kudai maelezo, lakini hawawezi kumfukuza. Naona hili ni kosa la kimfumo: anayesimamia lazima awe na la kufanya akipuuzwa.

Kinachowasaidia ni CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti yake hukabidhiwa kwa Rais, kisha huwasilishwa bungeni, ambako LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, huwahoji wakurugenzi. Hoja zinazoihusu halmashauri hujadiliwa na madiwani wenyewe, Iringa, Njombe au Mbeya, na vikao vya baraza viko wazi: mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia akasikiliza.