Je, wajua? Anayesema hana jinsia hazungumzii mwili wake

Mtu akisema "sina jinsia" kwenye kijiwe cha kahawa pale Isevya, Tabora, wasikilizaji wengi watadhani anataja hali ya kitabibu, kwamba alizaliwa na maumbile yasiyoeleweka kama ni ya kiume au ya kike. Dhana hiyo imeenea, na fomu tunazojaza zimechangia. Kisanduku ni kilekile cha Me au Ke, lakini huku pameandikwa "jinsi" na kule "jinsia", kana kwamba ni kitu kimoja.

Katika lugha ya sera na semina, jinsi ni ya mwili. Jinsia ni yale ambayo jamii inayatarajia kwa mwanamume au mwanamke, na pia namna mtu anavyojitambua mwenyewe. Kutenganisha mambo haya mawili si jambo la kale hata huko ughaibuni. Mwanasaikolojia John Money alianza kuandika kuhusu majukumu ya kijinsia mwaka 1955.

Mwenye maumbile ya mchanganyiko Kiswahili kina neno lake, huntha. Limetoka Kiarabu, na mafakihi wamelijadili kwa karne nyingi, hasa kwenye mirathi, kwa kuwa fungu la mtoto wa kiume na la mtoto wa kike hutofautiana. Huntha anaweza kujiona mwanamke kamili au mwanamume kamili. Na anayesema hana jinsia anaweza kuwa na mwili ambao hakuna daktari angeuandikia lolote. Hili ni suala la kujitambua, lile ni la maumbile. Yanaweza kumkuta mtu mmoja, lakini hakuna linalothibitisha lingine.

Wapo pia wanaodhani asiye na jinsia ni mtu asiyevutwa kimapenzi na yeyote. Hilo nalo ni jambo jingine, kwa sababu linahusu anayempenda, wala si anavyojiona. Aliyevuka jinsia naye yuko mbali na hapa, maana yeye anayo jinsia, ila si ile aliyoandikiwa alipozaliwa.

Sasa, kutokuwa nayo kabisa ni vipi? Fikiria swali ambalo hakuna anayelikwepa Tabora: Simba au Yanga? Mmoja atajibu Simba, mwingine Yanga. Yupo anayeshangilia zote mbili, na yupo aliyebaki na timu ya mkoani kwao. Halafu yupo asiyeshabikia mpira. Huyu wa mwisho ndiye hueleweka vibaya zaidi, kwani watu humdhania kuwa na timu ya tatu anayoificha, au kwamba hajaamua. Ukweli ni kwamba swali lenyewe halimgusi, ingawa anaishi katika mji ambao siku ya mechi kila mtu anamkagua amevaa jezi gani. Mfano huu una mpaka wake: ushabiki mtu huuchagua, wakati wengi wanaojieleza kuwa hawana jinsia husema hawakuchagua, walijikuta hivyo.

Tofauti kati ya "timu ya tatu" na "sina timu" imewahi kufika mahakamani, na hapo ndipo inapopendeza kuitazama. Ujerumani, tangu 2013, sehemu ya jinsi kwenye rejesta ya vizazi ingeweza kuachwa wazi kwa mtoto huntha. Mlalamikaji mmoja hakuridhika. Mwezi Oktoba 2017 Mahakama ya Katiba ilimuunga mkono, na hoja yake moja ilikuwa kwamba nafasi tupu haimwelezi mtu huyu, kwani hajioni kama asiye na jinsia, bali kama mwenye jinsia iliyo nje ya zile mbili. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuongeza chaguo la tatu. Kumbe mwaka huohuo wa 2017, mwezi Machi, jaji mmoja mjini Portland, Marekani, alikuwa amemkubalia mtu aliyetaka kinyume chake, yaani atambuliwe kisheria kuwa hana jinsia. Mmoja alilikataa pengo, mwingine aliliomba.

Neno la Kiingereza la hali hiyo ni "agender". Lilipata wasomaji wengi mwaka 2014, Facebook ilipowawekea watumiaji wa Marekani machaguo zaidi ya 50 ya jinsia. Kwa hiyo wapo wanaosema jambo lenyewe limezaliwa na intaneti. Haiwezekani. Mwaka 1776, Rhode Island, binti aliyeitwa Jemima Wilkinson aliugua sana. Alipopona alitangaza kwamba Jemima amekufa, na kwamba aliyebaki ni roho isiyo mwanamume wala mwanamke. Alihubiri hivyo hadi alipofariki mwaka 1819, na wafuasi wengi waliepuka kumtaja kwa viwakilishi vya kike au vya kiume. Tusimbandike neno la leo ambalo hakulijua, lakini wazo alikuwa nalo.

Mtu wa Tabora anaweza kusema sisi hatuhitaji haya, kwa kuwa "yeye" ni yeye tu. Kisarufi ni kweli, na Kinyamwezi kiko hivyohivyo. Hata pacha huitwa Kulwa na Doto kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa, awe wa kike au wa kiume. Lakini sarufi ikinyamaza, heshima husema. Mwangaluka, salamu ya asubuhi, haina jinsia, ila neno linaloifuata, baba au mayu (yaani mama), linayo. Dada wa baba ni shangazi, kaka wa mama ni mjomba, na hakuna neno la katikati.

Kwa hiyo Mwingereza asiye na jinsia atahangaika na viwakilishi, wakati wa Tabora atahangaika na undugu. Asiyetaka kuitwa baba wala mama ana maneno machache ya kukimbilia: mzazi, mkwe, binamu, mjukuu, na ndugu, lile ambalo mikutano ya siasa imelitumia miaka mingi kumwita mwanamume na mwanamke kwa jina moja. Kwenye uwifi na ushemeji, bado hana pa kusimama.