Faili za Wingu na Mipangilio ya Domeni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

"Faili zangu ziko kwenye wingu, kwa hiyo nina nakala rudufu."

Dhana hii ndiyo inayowaliza watu wengi. Huduma kama Google Drive na Dropbox, kazi yake ya msingi ni kusawazisha: linalotokea kwenye folda ya kompyuta hutokea pia kwenye seva na kwenye simu. Ukifuta faili hapa, inafutika kote. Virusi vikizifunga faili zako ili ulipe fidia, zilizofungwa ndizo zitakazopanda mtandaoni kuchukua nafasi ya zile nzima. Muda wa kujiokoa upo, ila ni mfupi: tupio la Google Drive hujisafisha baada ya siku 30. Aliyefuta folda Januari akagundua Machi huwa ameshachelewa. Nakala rudufu ya kweli haifuati mkumbo. Inakaa kwenye diski ya nje inayochomolewa ukishanakili, au kwenye huduma nyingine yenye akaunti nyingine.

Na iwe mahali pengine kwelikweli, maana wingu ni jengo, nalo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, mjini Strasbourg, Ufaransa, ukateketeza jengo la SBG2. Wapo wateja waliopoteza tovuti pamoja na nakala zake, kwa kuwa zote zilikuwa humo humo.

"Kiungo cha faili hakikisiki, basi faili ni siri."

Kukisia si lazima. Kiungo kilicho wazi kwa yeyote aliye nacho husambazwa kutoka kundi hadi kundi bila wewe kujua. Hati nyeti ipe akaunti za watu unaowataja mmoja mmoja.

"Ukibadilisha mipangilio ya domeni, ngoja saa 48 mabadiliko yasambae duniani."

Hakuna kinachosambazwa. DNS, mfumo unaogeuza domeni, yaani jina la tovuti, kuwa anwani ya seva, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, nao huendeshwa kwa kuulizana. Ukihifadhi rekodi mpya, yaani mpangilio mmoja wa domeni, seva za majina za domeni yako, zile zinazojibu maswali hayo, kwa kawaida huwa nayo ndani ya dakika chache. Kinachochelewesha ni majibu ya zamani ambayo seva za watoa huduma za intaneti, na hata kompyuta yako, zimeyatunza ili zisiulize kila mara. Kila jibu hubeba TTL, yaani muda wa kutunzwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima.

Hizo saa 48 nazo zina asili yake. Kwa domeni za .com, rekodi zinazoelekeza kwenye seva zako za majina zina TTL ya sekunde 172800, ambazo ni saa 48 kamili. Kwa hiyo ukibadilisha seva za majina, vumilia. Ukibadilisha anwani ya tovuti pekee, TTL uliyoiweka mwenyewe ndiyo inayoamua. Anayepanga kuhamisha tovuti kwenye seva nyingine aishushe mapema hadi sekunde 300, angoje ule muda wa zamani uishe, ndipo abadilishe anwani. Kuishusha saa ile ile ya kuhama hakusaidii kitu, kwa sababu majibu yaliyokwisha kutunzwa yana muda wake wa zamani.

"Nimehamia seva mpya za majina na tovuti inafunguka, kazi imekwisha."

Jaribu kupokea barua pepe kwanza. Barua huongozwa na rekodi za MX, zinazotaja seva ya kuzipokea, nazo hazihami zenyewe. Nakili rekodi zote kabla ya kuhama, zikiwemo za TXT zinazothibitisha kuwa barua zimetoka kwako kweli, la sivyo barua unazotuma zitaanza kutupwa kwenye taka.

"Domeni nimeinunua, ni yangu daima."

Umeisajili kwa muda, na kwa .com muda huo hauzidi miaka 10 kwa mara moja. Ukiacha kulipia hadi msajili, yaani kampuni iliyokuuzia, akaifuta, kuna siku 30 za kuikomboa, mara nyingi kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kungoja ifutwe kabisa, halafu yeyote anaweza kuichukua. Wengi hupitwa kwa sababu akaunti yao ya msajili inatumia anwani ya barua pepe iliyo kwenye domeni hiyo hiyo. Domeni ikisimama, barua pepe nayo husimama, na maonyo ya mwisho hayamfikii mtu. Ibadilishe anwani hiyo leo, uweke iliyo kwenye domeni nyingine.