Je, Wajua Kwa Nini Mwalimu wa Upanga wa Kijapani Hukubali Kushindwa na Mwanafunzi?

Mgeni anayetazama mazoezi katika klabu inayofundisha upanga wa jadi wa Kijapani huweza kudhani kwamba mambo yamegeuzwa. Kila wawili wanaposimama kukabiliana, mkubwa kwa ujuzi ndiye anayeanza kushambulia, na ndiye anayeishia akiwa na upanga wa mti wa mwenzake juu ya utosi wake. Anayefundishwa hushinda na anayefundisha hushindwa, tena hivyo hivyo kila siku ya mazoezi, kwa miaka mingi.

Mazoezi hayo huitwa kata, yaani mapambano mafupi ambayo hatua zake zote zimepangwa tangu zamani. Anayeshambulia huitwa uchidachi, na anayejibu huitwa shidachi. Silaha yao ni bokken, upanga uliochongwa kwa mti mgumu, aghalabu mwaloni, wenye urefu wa takriban mita moja. Bokken yaweza kuvunja mfupa, hivyo kuwaachia wanagenzi wapigane ovyo kungekuwa kuwaumiza bila kuwafundisha.

Tuchukue kata ya kwanza kati ya zile 10 za kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani wa siku hizi, zilizowekwa mwaka 1912 na chama cha Dai Nippon Butoku Kai kutokana na mafunzo ya shule mbalimbali za kale. Wote wawili huinua panga juu ya vichwa na kusogeleana kwa hatua tatu. Uchidachi akiona wakati umefika, hupiga kwa dhati, pigo la kupasua kichwa na mikono kwa pamoja, hata ncha ya upanga wake inashuka chini kabisa. Shidachi hujivuta nyuma kidogo tu, pigo linapita mbele yake bure, naye papo hapo anaingia na kushusha upanga kichwani mwa mshambulizi, akiusimamisha kabla haujagusa.

Sasa fikiria nafasi hizo zikibadilishwa. Mwanagenzi akipewa kazi ya kushambulia, kwa hofu au kwa adabu hupiga hewa, au husimamisha upanga wake mbali na kichwa cha mwenzake, na anayejibu hujizoeza kukwepa pigo ambalo lisingempata hata angesimama tu. Kosa hilo halionekani kwa macho ya mtazamaji, na ndilo linalogeuza kata kuwa ngoma. Uchidachi lazima apige palipo hasa, kwa umbali na wakati unaomlazimisha mwanafunzi kusogea kweli, na bado awe na uwezo wa kuuzuia upanga wake mwanafunzi akichelewa. Uwezo huo ni wa mtu aliyebobea. Yeye pia ndiye anayepima kasi, akiiongeza kadiri mwenzake anavyokomaa.

Shule ya Ono-ha Itto-ryu imelipeleka jambo hili mbali zaidi. Humo uchidachi huvaa onigote, glavu kubwa za ngozi zilizojazwa hadi kuvimba, zinazofunika mkono hadi juu ya kifundo, ili mwanafunzi apige kifundo hicho kwa nguvu zake zote bila kujizuia. Kwa maoni yangu, hakuna kifaa kinachoeleza kazi ya mwalimu waziwazi kuliko hiki: vazi lililotengenezwa makusudi kwa ajili ya kupigwa.

Mapambano huru yalipata nafasi baada ya kupatikana shinai, upanga wa mianzi, na baadaye, katika karne ya 18, mavazi ya kinga. Huko ndiko ilikochipuka kendo ya leo. Hata hivyo, kata hazikuachwa. Katika shule nyingi za kale mwanafunzi hukaa upande wa shidachi kwa muda mrefu, na anaporuhusiwa hatimaye kuwa uchidachi hulazimika kujifunza upya kata zile zile, safari hii akitafuta jinsi ya kumfungulia mdogo wake mwanya wa kweli, usiokuwa mpana kupita kiasi.